Kisima kimeingia chumvi, fundi anasema tuongeze mita: hesabu ya maji ya ardhini kwa lugha ya nyumbani

Nilikwenda Sahare, hapa Tanga karibu na bahari, kumwamkia mjomba, nikaletewa chai, nikapiga funda moja nikaangalia kikombe, halafu nikamwangalia mkaza mjomba. Akacheka. "Sijatia chumvi mimi wala wewe, kisima ndo kimetia."

Kisima chenyewe kina miezi mitatu tu. Kilichimbwa mita 30, maji yakatoka matamu, mtaa mzima ukaja na madumu, mjomba akafunga pampu kubwa na simtanki mbili akawa anauza. Mwezi wa pili ladha ikaanza kubadilika, wa tatu chai ikawa kama mchuzi. Wachimbaji walipoitwa wakaja, wakaonja, wakasema kwa kujiamini kabisa: mzee, hatukwenda chini vya kutosha, tuongeze tufike 60, huko ndo kuna mto wenyewe. Na bei ni kwa mita, hilo tusilisahau.

Pale barazani kila mtu alikuwa na lake. Mmoja kasema apewe mtu wa kijiti, yule anayetafuta maji kwa kutembea na kijiti mkononi, apime upya, mwingine kasema siku hizi kuna kompyuta inaona maji chini ya ardhi kama unavyoona samaki kwenye ndoo, na kijana mmoja wa chuo akasema zipo kanuni za kupiga hesabu ya maji ya chini, zinaitwa suluhisho la kianalitiki. Mzee mwenye kahawa akamuuliza, hiyo inanyweka?

Hainyweki, lakini ndo inayojibu swali la mita 60, na haihitaji kompyuta. Ngoja tuifungue taratibu.

Anza na simtanki. La lita 1,000 liko tupu, bomba linatoa lita 20 kwa dakika, litajaa baada ya muda gani? Dakika 50. Hukusimama pale kuangalia, umegawanya tu ukapata jibu la mwanzo hadi mwisho kwa mkupuo mmoja. Basi hilo ndo suluhisho la kianalitiki: kanuni moja, unatia namba zako, inakupa jibu la saa yoyote na mahali popote unapouliza. Njia ya pili ni kusimama na ufito, kila dakika unachovya unaandika, unajumlisha, unaendelea. Hiyo ndo njia ya kinamba, ambayo kompyuta inaifanya, inakatakata kazi vipande vidogo vidogo inapiga kimoja kimoja. Ya kwanza ni ya haraka na unaiona akili yake, ya pili ni ndefu ila haichoki mambo yakiwa ya hovyohovyo, mfano bomba likiwa linatoka leo nyingi kesho kidogo kama tunavyolijua. Njia zote mbili zinapigia hesabu kile wanachokiita modeli, yaani picha iliyopunguzwa ya kitu halisi, kama ramani, mtaa una miti na mbuzi na mitaro ila ramani inakuchorea barabara tu kwa sababu ndo ulichouliza.

Sasa geuza, simtanki limejaa unafungua koki ya chini. Tuseme linaisha lote kwa saa moja. Nusu ya kwanza inatoka kwa dakika ngapi? Wengi watasema 30. Ni kama 18 tu, ile nusu iliyobaki ndo inakula dakika 42. Sababu maji yakiwa juu yanajisukuma kwa nguvu, yakipungua yanalegea, na Muitalia Torricelli alishaonyesha mwaka 1643 kwamba kasi inafuata kipeuo cha pili cha kimo, yaani kimo kikibaki robo, kasi inabaki nusu. Kila aliyewahi kungoja ndoo ya mwisho kwenye tanki anaijua hii kwa miguu yake, kanuni imekuja kumwambia ni kiasi gani.

Ardhini maji hayakai kwenye tanki, yamekaa katikati ya chembe za mchanga, na hapa ndo porojo ya mto inapoanzia. Mwaka 1856 injinia wa mji wa Dijon kule Ufaransa, Henry Darcy, alichapisha majaribio aliyofanya ya kupitisha maji kwenye bomba la kusimama lililojazwa mchanga. Alichokiona kinafanana kabisa na kuchuja tui. Tui linatoka kwa wingi kama kifumbu kina nafasi za kutosha, kama unakamua kwa nguvu, na kama kifumbu chenyewe ni kikubwa. Ardhini ni vilevile: udongo unapitisha kiasi gani, maji yana mteremko kiasi gani wa kuyasukuma, na eneo yanalopitia lina ukubwa gani. Zidisha hivyo vitatu umepata wingi wa maji yanayopita. Basi, hiyo ndo kanuni ya Darcy, na karibu kila kitu kilichofuata kimejengwa juu yake.

Hebu tuipe namba. Chukua mchanga mzuri unaopitisha mita 10 kwa siku, maji yana mteremko wa mita 1 kwa kila mita 500 kuelekea baharini, na nafasi kati ya chembe ni robo ya ujazo wote. 10 mara 1 gawa kwa 500 ni 0.02, ukigawa kwa robo unapata 0.08, yaani maji yenyewe yanasogea sentimita 8 kwa siku. Sentimita nane! Konokono anayaacha asubuhi moja. Kwa mwaka ni mita 29, na kilomita moja yanaimaliza kwa miaka 34 hivi. Huo ndo "mto" wa chini kwa sehemu kubwa ya pwani yenye mchanga. Maji yametapakaa kama yalivyotapakaa kwenye sponji, hayana kingo wala mkondo, ndo maana yule mtu wa kijiti anapatia mara nyingi, popote utakapotoboa utakuta maji tu. Swali la maana ni kwamba utavuta mangapi, na matamu yanaishia wapi.

Tuje kwenye kuvuta. Pampu ikiwaka, usawa wa maji kuzunguka kisima unashuka na unafanya umbo la kawa lililogeuzwa, katikati kina kirefu, pembeni linapanda polepole hadi linapotea. Mjerumani Günther Thiem mwaka 1906 alitoa kanuni ya umbo hilo likishatulia, na siri yake ni moja tu: kila ukizidisha umbali mara kumi, maji yanapanda kiasi kilekile. Mfano wa kiwanja ambacho tabaka lake la maji ni dhaifu, uwezo wake ni mita za mraba 5 kwa siku (usiogope kipimo, ni namba ya kusema tabaka zima linapitisha kiasi gani), na mtu anavuta lita 50,000 kwa siku. Hesabu inatoa kama mita 3.7 kwa kila mara kumi. Tuseme athari inaishia mita 100. Basi mita 10 kutoka kisimani maji yameshuka 3.7, mita 1 yameshuka 7.3, na pale kwenye ukuta wa bomba, sentimita 10 kutoka katikati, yameshuka 11. Jirani mwenye kisima cha mkono mita 30 kutoka hapo maji yake yameshuka karibu mita mbili, yeye anadhani kuna mtu kamroga.

Hapo utaelewa kwa nini sheria inataka kibali cha kuchimba kisima kirefu, na kwa Tanga unakiomba Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani. Watu wanaona ni karatasi za usumbufu. Wakati mwingine ni usumbufu kweli, lakini lile kawa halijui mpaka wa kiwanja chako.

Thiem alikuwa na kasoro moja, kanuni yake inangoja mambo yatulie, na kisima kipya hakijatulia. Aliyeingiza muda kwenye hesabu ni Mmarekani Charles Theis mwaka 1935, na namna alivyofanya naipenda sana. Aliona kwamba maji yanavyotembea ardhini yanafanana na joto linavyotembea kwenye chuma. Weka kipande cha barafu katikati ya chuma cha chapati chenye moto, ubaridi unaanzia pale unatambaa kwenda pembeni, mwanzo haraka kisha unazidi kuzubaa. Pampu ni ile barafu. Watu wa hesabu walikuwa wameshatatua suala la joto zamani, kwa hiyo Theis akamwomba rafiki yake Clarence Lubin, mwanahisabati, amsaidie kuihamisha ile hesabu ije kwenye maji. Hawakuanza upya, waliazima.

Mwaka 1946 wataalamu wawili wa maji, Cooper na Jacob, wakairahisisha zaidi, na toleo lao ndo dawa ya uongo mmoja wa kila siku: "tumepampu saa nzima maji hayajakata, kisima chako kizuri mzee." Kanuni inasema maji yanashuka kiasi kilekile kila muda unapozidishwa mara kumi. Kwenye ule mfano wetu wa tabaka dhaifu ni kama mita 1.8. Yaani kutoka saa ya 1 hadi ya 10 yanashuka 1.8, kutoka ya 10 hadi ya 100 yanashuka 1.8 nyingine. Ukiangalia kwa macho utaona yamesimama, kumbe yanashuka kwa mwendo wa kinyonga. Kama baada ya lile jaribio la saa moja pampu imebaki na maji mita 3 tu juu yake, ukiiacha iwake mfululizo itaanza kunyonya hewa kabla siku mbili hazijaisha. Kwa hiyo ukichimbiwa kisima omba jaribio refu, mchana na usiku kama unaweza, na uandikiwe kina cha maji kwa muda, uandikiwe kabisa, usikubali kuambiwa tu "yapo".

Haya, chumvi. Hapa ndo penye mjomba.

Fundi ujenzi ana ule mpira mwembamba wa leveli, anaujaza maji, anashika ncha huku msaidizi kashika kule, maji yanasimama sawa pande zote. Sasa fikiria mpira mrefu sana, upande mmoja umetia maji matamu na mwingine maji ya bahari, na kwa bahati hayachanganyiki. Hayatasimama sawa. Maji ya bahari ni mazito kidogo, lita moja ina kama gramu 1,025 wakati ya maji matamu ni 1,000, kwa hiyo mita 40 za maji ya bahari zinabeba mita 41 za maji matamu. Upande mtamu unazidi kwa mita moja. Ndo yanayotokea chini ya pwani yetu: maji ya mvua yaliyozama yanaelea juu ya maji ya bahari yaliyopenyeza kwa chini, na kila mita moja ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari ina mita 40 za maji matamu chini ya usawa huo. Zaidi ya hapo ni chumvi. Anayetajwa kwa hilo ni Mholanzi Badon Ghyben mwishoni mwa karne ya 19, na Mjerumani Herzberg akalifikia peke yake na kulichapisha mwaka 1901 akiwa anahangaika na visima vya kisiwa cha Norderney.

Mjomba alikuwa na kijana mpima ardhi kwenye ukoo, akaja na chombo chake akasema kiwanja kipo mita 9 juu ya bahari. Kwenye daftari la wachimbaji, siku ya kwanza maji yalikutwa mita 8.4 chini. Kwa hiyo maji yalikuwa sentimita 60 juu ya bahari, siyo zaidi. Zidisha kwa 40: mita 24 chini ya usawa wa bahari, ongeza zile 9 za kiwanja, chumvi inaanza mita 33. Kisima kina 30. Alikuwa anavuta mita tatu tu juu ya maji ya bahari yaliyo chini bila kujua, kama mtu aliyelala kitanda cha juu akidhani yupo sakafuni.

Kisha akafunga pampu kubwa. Usawa ukishuka sentimita 30 tu, ambazo kwa macho huzioni, hesabu inasema ile chumvi inatafuta kupanda mita 12, kutoka 33 ije 21. Haipandi siku hiyohiyo, inachukua wiki na miezi, ndo maana kisima kilianza kitamu. Na haipandi yote sawa, inavimba pale chini ya kisima kama kichuguu.

Sasa rudi kwenye ushauri wa mita 60. Sitaki kusema walikuwa matapeli, bara huko ushauri huo unafaa mara nyingi, kuna tabaka ukilivuka unakuta zuri zaidi chini yake. Ila kwa kiwanja cha mita 9 juu ya bahari na maji sentimita 60 tu, mita 60 ni kumpelekea mjomba bahari nyumbani kwa gharama yake mwenyewe.

Kitu kingine watu wanachanganya hapa Tanga: maji kukataa povu siyo chumvi ya bahari. Miamba yetu mingi ni chokaa, maji yanaiyeyusha kidogo, sabuni inakuwa haitoi povu na birika linaota ukoko mweupe. Hayo ni maji magumu, unakunywa bila shida. Chumvi ya bahari utaijua kwa ulimi.

Wakati tunapima tukaona kioja kingine. Kisima cha mkono cha jirani, karibu zaidi na ufukwe, tulishusha kamba yenye mafundo asubuhi na alasiri, maji yakawa yamehama karibu sentimita 20 na hakuna aliyevuta. Ilikuwa bamvua, siku ambazo bahari inajaa na kupwa kuliko kawaida. Bahari inapojaa na kupwa, ule msukumo unaingia ardhini na unafifia kwa kanuni safi kabisa: kama kwa kila mita 50 unapungua nusu, mita 100 unabaki robo, mita 150 unabaki thumni, na kila hatua unazidi kuchelewa. Ukilinganisha bahari ilivyohama na kisima kilivyohama, umepima tabia ya udongo bila kuwasha pampu, mwezi umekufanyia kazi ya bure. Ila tukajifunza pia kwamba zile sentimita 60 za mjomba haziaminiki kwa kipimo kimoja, unapima mara kadhaa, bamvua na maji mafu (siku bahari inapohama kidogo), unachukua wastani.

Sasa wapi kanuni hizi zinaanguka? Nenda Amboni. Yale mapango yamechimbwa na maji yenyewe kwenye mwamba wa chokaa, na kwenye mwamba wa namna hiyo maji yanaweza kupita kwenye mifereji na nyufa kama yanavyopita kwenye bomba. Hapo Darcy na kifumbu chake hawafai, na hapo neno mto wa chini linaweza kuwa kweli. (Zile hadithi za pango linalotokea Mombasa mimi nawaachia wenyewe.) Na zile kanuni za kuvuta kisima zinadhani udongo ni sawa pande zote, tabaka halina mwisho, na kisima ni kimoja. Ukiwa na visima arobaini, mto, bahari upande mmoja na mwamba uliopasuka upande mwingine, kanuni moja haitoshi, ndo unahitaji kompyuta. Programu inayotumika sana duniani inaitwa MODFLOW, ilitolewa na idara ya jiolojia ya Marekani mwaka 1984, na inafanya kama mshona mkeka, inaikata ardhi vipande vya mraba na kila kipande kinaulizana na jirani yake maji yaende wapi.

Lakini yule wa barazani anayedhani kompyuta inaona maji, haioni. Inapiga Darcy ileile ya 1856 mara milioni. Ukiipa namba za uongo inakupa picha ya rangi nzuri ya uongo. Na wenye kutengeneza programu hizo wanazijaribu vipi kama zinasema kweli? Wanaipa kisima kimoja, udongo sawa, halafu wanalinganisha jibu lake na la Theis. Ikipishana, programu ndo yenye makosa.

Mjomba tulimwambia hivi: shusha hamu. Pampu ndogo, itundikwe juu, ivute kidogo kidogo siku nzima badala ya kukomba kwa saa mbili, na ile sehemu ya chini ya kisima izibwe. Chumvi iliyokwishapanda inarudi chini taratibu kuliko ilivyopanda, kwa hiyo kwa sasa maji ni ya kufulia na kumwagia, chai inapikwa kwa maji ya bomba, na mkaza mjomba anaonja kisima kila Ijumaa kwa kijiko na kusema "bado".

Jamaa wa mita 60 walipiga simu juzi, nilikuwepo. Mjomba akawasikiliza hadi mwisho kwa adabu zote, kisha akauliza swali moja tu: "Kiwanja changu kipo mita ngapi juu ya bahari?" Kukawa kimya, halafu simu ikakata, akasema labda mtandao.